Kocha wa Shanwe na Moyo Wake wa Polepole

Watu wengine wakikutana nawe wanauliza habari za nyumbani, za shambani, za watoto. Kocha yeye alikushika kifundo cha mkono. Alikushika kabla hujatua mzigo, akainamisha kichwa upande kama kuku aliyesikia mwewe, midomo ikacheza, macho kwenye saa yake ya plastiki. Akimaliza alikutajia idadi ya mapigo yako kwa dakika, na kuanzia hapo hilo ndilo lilikuwa jina lako. Mimi nilikuwa Sabini. Fundi cherehani jirani yake alikuwa Themanini na Nne. Mpaka leo kuna watu pale Shanwe, mtaa wetu wa Mpanda, nawajua kwa mapigo yao tu, majina yao waliyobatizwa sikuwahi kuyasikia.

"Sabini, umeamkaje?"

"Salama, Kocha. Shikamoo."

"Marahaba. Lakini leo uko juu. Umegombana na nani?"

Na kweli nilikuwa nimegombana na mtu. Ilikuwa inaudhi, nisiseme uongo. Mwanamke unatoka nyumbani umejipaka mafuta, umetulia, unataka kununua nyanya zako, halafu mzee anakushika mkono sokoni na kutangaza kwamba una hasira.

Alikuwa kocha wa riadha, na nilipita mikononi mwake nikiwa msichana, kabla sijaolewa na kuingia kwenye biashara ya asali. Wakati huo alitukimbiza alfajiri mpaka tukatamani kurudi kulima. Yeye mwenyewe alikimbia mbele yetu akiwa na umri wa baba zetu, na aliporudi, sisi tukiwa tumelala chini tunahema, alikaa kwenye tofali, akajishika mkono na kutabasamu peke yake. Moyo wake ulipiga arobaini, na siku nzuri ulipungua hapo. Mgeni akifika kwa watu wengine analetewa maji au soda. Kwa Kocha aliletewa mkono. "Hesabu," alikwambia. Ulihesabu, na kati ya pigo na pigo ulipata muda wa kuwaza kama mtu mwenyewe bado yupo.

Alikuwa na imani moja ambayo hakuna padri wala daktari aliyeweza kumtoa. Mungu, alisema, amempa kila mtu mapigo yake, na yakiisha yameisha. Mjinga anayamaliza kwa kelele na woga. Nikamwambia, mbona kukimbia kunayamaliza zaidi? Akanicheka sana.

"Unakimbia saa moja, Sabini. Saa ishirini na tatu zinazobaki moyo unapiga kwa nidhamu. Nani amepata hapo?"

Basi aliulinda ule moyo kama yai. Mpira hakutazama, hasa dakika za mwisho. Mwamuzi akikosea kwenye mashindano ya shule, Kocha aligeuka akatazama miti mpaka mambo yapoe. Kwake ilikuwa marufuku kuambiwa habari yoyote kwa ghafla, hata ikiwa njema. Binti yao alipojifungua, mkewe, ambaye mtaa mzima tulimwita Mama Kocha, alimpa habari kwa mafungu. Asubuhi alimwambia binti amepelekwa hospitali. Baada ya chai, kwamba ametoka salama. Mchana, kwamba kuna mtoto. Mtoto wa pili alimwacha mpaka kesho yake, baada ya ibada.

"Mapacha?" Kocha aliuliza, mkono mmoja kwenye shingo.

"Mapacha, baba. Vuta pumzi."

Na pamoja na hayo yote, mtu huyo huyo aliyekimbia mpaka vilima vya mbali na kurudi hakuwahi kutembea kwenda dukani. Chumvi ikiisha aliita bodaboda. Duka lenyewe lilionekana kutoka mlangoni kwake, ungeweza kumwita muuza duka kwa jina na akakujibu. Tukimuuliza alisema hawezi kuusumbua moyo kwa safari ya kipumbavu.

Kasheshe ilikuwa akiugua. Ilifika wakati malaria ilimpata, akaenda hospitali kama watu wote. Muuguzi akamshika mkono, akaangalia saa, akamshika mkono mwingine, halafu akatoka mbio. Wakaja watatu. Wakamlaza, wakamvua shati, wakamuuliza kama anaona giza. Kocha alikuwa na homa, mapigo yake yalikuwa yamepanda, lakini kupanda kwake kulikuwa kushuka kwa watu wengine. Alisema, "Mimi ni mwanariadha, nipeni dawa ya malaria nikalale." Wao wakazungumza habari za rufaa. Mara nyingine alipougua akawa mjanja. Kabla ya kuingia kupimwa alizunguka ukuta wa hospitali mbio, na homa yake mwilini, ili afike kwa muuguzi akiwa na mapigo ya mtu wa kawaida. Mlinzi akamkamata akidhani ni mwizi.

Hatimaye walimuweka kwenye mashine ya kupima umeme wa moyo. Walimbandika waya kifuani, kwenye mikono na miguu, mashine ikatoa karatasi yenye mistari iliyopanda na kushuka. Mhudumu wa zamu akamwambia kwamba moyo una umeme wake, na wake unachelewa njiani, na arudi Jumatatu aonane na daktari. Sasa, kumwambia mtu wa Mpanda kwamba umeme unachelewa si kumwambia jambo geni. Kocha hakurudi Jumatatu. Aliikunja ile karatasi, akaenda nayo Majengo kwa fundi umeme.

Nilikuwepo, nilikuwa nadai ndoo yangu pale. Fundi yule alikuwa ameunganisha nyaya kwenye nusu ya nyumba za Majengo na hakuwa mtu wa kukubali kwamba kuna umeme asioujua. Aliitazama karatasi kwa utulivu, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga, akaichokoa kwa bisibisi.

"Hapa kuna shoti," akasema.

"Wapi?"

"Hapa inapopanda. Na hapa inapotulia sana, kaka, hujaweka earthing, ule waya wa kuupeleka ardhini. Umeme hauna pa kutokea."

"Nifanyeje?"

"Unavaa viatu vya raba?"

"Vya raba."

"Basi si unaona!"

Masika yote yale Kocha alikimbia pekupeku, na wanariadha wake akawavua viatu nao. Mama Kocha alishinda barazani na pini, akiwachomoa miiba watoto wa watu na kumlaani fundi. Kocha aliporudi kulalamika kwamba mapigo ni yale yale, fundi alimuuliza swichi kubwa iko wapi, nadhani hapo ndipo hata yeye alipoona mambo yamemzidi.

Lakini kisa kinachosimuliwa mpaka leo ni cha msiba wake.

Siku hiyo alikuwa amekimbia barabara ya Inyonga, peke yake, jua la kiangazi. Dereva wa lori la mahindi akamkuta amelala kando ya barabara, chali, mikono imenyooka. Akashuka, akamshika mkono. Kimya. Akasubiri kidogo, kimya. Angekuwa mtu wa Shanwe angejua kwamba kwa Kocha inabidi usubiri zaidi. Yeye alimfunika uso kwa majani, kwa heshima, akapanda lori akaja kutoa taarifa mjini.

Watu walipokwenda kumchukua hawakumkuta. Majani yapo, Kocha hayupo. Wakatazamana. Nchi yetu ina fisi, na hakuna aliyetaka kulitamka lile neno mbele ya Mama Kocha. Wakarudi wakasema tu, "Mama, tumechelewa." Kufikia jioni turubai limefungwa, akina mama tumeshabandika masufuria, maharage yanachemka. Chama chetu cha kuzikana kina sifa ya wepesi. Kesho yake vijana walikwenda makaburini asubuhi na mapema, na kaburi lilikuwa tayari kabla mtu hajauliza kitazikwa nini. Mzee mmoja alisema tutazika viatu vyake. Mama Kocha akaingia ndani kuvitafuta, akatoka analia zaidi, maana marehemu alikuwa ameondoka amevivaa.

Ndipo akatokea. Alikuja kwa mwendo wake ule ule, mabega yametulia, akapita katikati ya viti vya waombolezaji. Alikuwa amezinduka, akajikuta ana majani usoni, akaona jua limeanza kushuka na mji uko mbali, akajikokota mpaka kwenye kambi ya warina asali na kulala huko. Wanawake tulikimbia, tusidanganyane. Mimi niliacha mwiko ndani ya sufuria. Yeye akasimama mbele ya turubai, akauliza kwa huruma ya kweli:

"Jamani, nani amefariki?"

Mwenyekiti wa chama alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. "Wewe!" akamwambia. "Umefariki wewe! Na kaburi limechimbwa, na watu wameacha kazi!"

Ikaja hoja ya kaburi. Wazee wakasema kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, litamwita mwingine. Mzee wa Katumba aliyekuja kuhani, na asili yake Burundi, akasema hata kwao ni hivyo hivyo, huzikwa mgomba. Ukakatwa mgomba. Katekista akagoma kuombea mgomba, akakubali kuwaombea waliochimba. Tukaenda makaburini kwa maandamano, Kocha akiwa mstari wa mbele kama mfiwa, na alitupia udongo kwa mkono wake. Halafu akataka asomewe wasifu wa marehemu, kwa kuwa ulikuwa umeshaandikwa. Katibu akasoma. Alipofika penye maneno "kwa muda mrefu alikuwa akisumbuliwa na moyo," Kocha akamkatiza.

"Futa hapo."

"Kocha, ndivyo tulivyoambiwa."

"Moyo haujawahi kunisumbua. Andika kwamba ulikuwa na afya kuliko mioyo yote ya wilaya hii."

Wakafuta. Tukarudi tukala maharage, naye akala sahani mbili. Tulicheka wiki nzima. Nani angeacha kucheka? Lakini Mama Kocha hakucheka sana. Siku moja tukichambua mchele aliniambia, "Huyu anasema alilala usingizi. Mtu gani analala usingizi juani, kwenye changarawe, wakati anakimbia?" Ni kweli, Kocha hakuwa mtu wa kupumzika njiani hata kidogo.

Walipokuja madaktari wa moyo kupima watu mjini kwetu, Mama Kocha alinipitia nyumbani. Alihitaji mtu wa kumshika Kocha mkono wa pili. Tukampeleka hivyo, yeye katikati kama mtuhumiwa, na njiani alitueleza kwamba sasa tutaaibika.

Daktari alikuwa dada mdogo, mtaratibu. Alimpima, akamuuliza amekimbia miaka mingapi na kwa ukali gani, akaitazama karatasi mpya na ile ya zamani kwa muda mrefu. Kocha akamuuliza swali lake moja, lile alilolibeba maisha yake yote.

"Daktari. Huu moyo ni mzima au mbovu?"

"Baba, uliyokuwa ukiwaambia watu ni kweli. Moyo wa mkimbiaji unapanuka, unapata nguvu, unapiga polepole. Umeme wake unabadilika, na karatasi yake inamtisha asiyeuzoea. Kijana wa mbio ndefu akija na karatasi kama hii ya zamani, mara nyingi namwambia aende nyumbani."

Kocha alitugeukia. Sijawahi kuona mtu amefurahi namna ile bila kikombe cha ushindi mkononi.

"Lakini," daktari akasema.

Akatueleza polepole, kama anayemlisha mtoto. Juu ya moyo kuna sehemu ndogo inayoanzisha kila pigo. Kwa baadhi ya watu waliojifanyisha mazoezi makali miaka na miaka, sehemu ile inachoka, na vyumba vya juu vya moyo vinapata makovu. Umeme unapotea njia. Moyo unatetemeka badala ya kupiga, halafu unasimama kidogo kabla haujakumbuka kazi yake. "Siku ile barabarani hukulala, baba. Ulizimia." Akampa dawa, akamwambia aache mbio kali, atembee, akijisikia vizuri anaweza kukimbia taratibu kidogo kidogo, na arudi wamtazame. Ikibidi atawekewa betri kifuani ya kuusaidia.

"Sasa ni mzima au mbovu?" Kocha akarudia. Sauti ilikuwa imepungua.

"Ni moyo wa mtu aliyekimbia sana," daktari akasema.

Hakutushika mikono siku hiyo, mimi wala mkewe. Tulirudi naye kwa bodaboda tatu.

Mtaa ukalichukua jambo lile kama vita. Hakuna aliyeelewa vizuri habari za vyumba vya juu, wote wakashika neno moja: Kocha asikimbie. Muuza mihogo akawa mlinzi wa njia ya juu, bodaboda wakalinda barabara kuu. Akiharakisha kidogo tu, hata kama anakimbia mvua, sauti zilitoka pande zote. "Kocha! Tembea!" Watoto wa chekechea walijua. Naye aliwapa walichotaka: alikunja uso, alirusha mikono, alilalamika kwamba nchi haina uhuru. Mara akutwe nyuma ya kanisa akinyoosha misuli, mara viatu vyake vionekane vimetuna ndani ya koti. Walimnyang'anya, wakampeleka kwa mkewe, yeye akifoka nyuma yao. Tulijiona tumemwokoa. Tulifurahia sana kazi ile.

Mara ya mwisho ninayotaka kuieleza nilikuwa natoka Inyonga na madumu yangu ya asali, nyuma ya pikipiki. Mji ulikuwa bado mbali, miombo pande zote mbili. Mbele yetu barabarani nikaona mtu amesimama, kaptula, fulana, viatu vya mbio vimefungwa kamba. Nikamjua kabla hatujamfikia. Nikamwambia dereva anitue, anisubiri mbele kivulini, nikamwendea na hasira zangu zote.

"Kocha! Yaani umetoroka mpaka huku? Unataka tukuchimbie kaburi mara ngapi?"

"Sabini, punguza sauti."

"Sipunguzi! Mkeo anajua?"

"Sikimbii," akasema.

Nikamtazama. Jasho hakuwa nalo. Fulana kavu.

"Nimeletwa na lori hadi pale," akasema, "kama kila Jumamosi. Nafunga kamba. Najiambia, mpaka ule mti tu, taratibu, daktari hakukataza. Halafu nasimama hapa."

"Unasimama unafanya nini?"

"Nausikiliza." Alikuwa ameshika shingo yake, vidole vile viwili. "Zamani nilikuwa nausikiliza nifurahi. Sasa nausikiliza usije ukanyamaza. Nikiinua mguu naona kama ndio utanyamaza. Naogopa, mwanangu. Sijawahi kuogopa kitu, sasa naogopa mti ule pale."

Niligeuka nikautazama. Ule mti haukuwa hata mbali, ungeweza kumrushia jiwe ndege aliyekuwa juu yake.

"Kumbe pale mjini, ule ugomvi wote..."

"Wakinipigia kelele najiona bado ni mtu wa kuzuiwa," akasema. "Wasipopiga kelele nitakuwa nani? Mzee anayetembea."

Tukakaa kando ya barabara. Nikampa asali kwenye kifuniko cha dumu, akailamba yote. Nilimwambia tupande wote pikipiki, akakataa, akasema atatembea mpaka kambi ya warina na kupata gari. Alipoinuka alijifuta mikono kwenye kaptula, akanitazama usoni, na aliona aibu kuniomba lakini akaniomba.

"Ukifika mjini, waambie umenikuta nakimbia."

"Kocha, watakuja mbio kukuchukua."

"Waje."

Nilipofika Shanwe nilishuka kabla pikipiki haijasimama vizuri. Nikamwambia muuza mihogo kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili: Kocha yuko barabara ya Inyonga, anakimbia kama swala, na pikipiki ilipata tabu kumfikia. Mihogo ikaachwa kwenye mafuta. Bodaboda wakawasha, watatu, wanne, wakaondoka wanapiga honi na kutukana kwa furaha. Mimi nikapitiliza kwa Mama Kocha.

Nilimkuta anaanua nguo. Nikamwambia yale yale. Hakufoka kama nilivyotegemea. Alisimama na shati la mumewe mkononi, akaniuliza taratibu:

"Umemwona kwa macho yako? Anakimbia?"

"Kwa macho yangu, mama."

"Sio amesimama tu?"

"Anakimbia, mama. Nimemwona."

Akakaa juu ya ndoo, akajifunika uso kwa shati lile, akalia. "Asante Mungu," akasema. "Jumamosi zote hizi fulana yake inarudi kavu, nilidhani ameshakata tamaa." Kisha akainuka, akapangusa macho, akatoka mpaka barabarani na kuanza kumtukana mumewe kwa nguvu zake zote, ili kila mtu asikie.